Maneno ya Maumbo na Kazi Zake



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya maneno yatajayo maumbo ya vitu: duara, mraba, pembe, upana, kunyooka, kupinda, na mengine ya namna hiyo. Huenda mtu akasema, "Hayo ni mambo ya watoto wa darasani, sisi watu wazima yatufaa nini?" Sisi nasi tulikuwa tukifikiri hivyo hivyo, mpaka barua moja tuliyoiandika kwa mkono wetu wenyewe ilipotutia adabu. Na tuanze basi na habari ya barua hiyo.

Katika kijiji tulichokuwa tukikaa palikuwa na kisima. Kisima chenyewe kilichimbwa duara, kama vilivyo visima vingi, lakini juu ya mdomo wake ziliwekwa boriti 4 zilizokutana kwa pembe, na nafasi iliyobaki kati yake ilikuwa futi 4 kila upande. Watoto walikuwa wakicheza karibu na kisima hicho, na wazee wakaona hatari. Wakatuagiza tumwandikie seremala mmoja wa mjini atutengenezee kifuniko. Tukaandika kwa hati nzuri: "Twataka kifuniko cha kisima cha mviringo, upana wake futi 4 na inchi 2." Tukatia sahihi, tukabandika stempu, tukajiona tumekwisha kazi.

Baada ya majuma matatu kifuniko kikaletwa. Kilikuwa kazi safi, mbao zake nene, misumari yake imepigwa vizuri. Lakini kilikuwa cha mviringo. Tulipokiweka juu ya boriti, kiliishika kila boriti katikati tu, na pembe zote 4 zikabaki wazi. Tukasema tutatafuta dawa yake baadaye. Siku ya nne mwana-mbuzi wa mama mmoja mjane akatumbukia katika pembe mojawapo. Ikatulazimu kuyateka maji yote na kukisafisha kisima, na kwa siku mbili wanawake wakafuata maji mtoni. Mzee mmoja alisimama akaitazama ile pembe, kisha akatuambia, "Leo ni mwana-mbuzi." Hakuongeza neno, wala halikuhitajiwa.

Tulikwenda mjini kumlaumu seremala. Naye hakubishana, alitoa barua yetu akatusomea. Sisi tulikusudia kusema kwamba kisima ndicho cha mviringo. Yeye alifahamu kwamba kifuniko ndicho cha mviringo. "Kifuniko" ni neno la ki-, na "kisima" ni neno la ki-; basi lile "cha" la mwisho laweza kushikamana na hiki au na kile, na hakuna awezaye kumhukumu msomaji. Kosa lilikuwa letu. Tulilijua umbo, lakini hatukujua neno la umbo tulilipa kazi gani katika sentensi, wala tulilifunga kwenye neno lipi.

Hapo ndipo tulipoanza kuyachungua maneno ya maumbo, na tuliyoyaona ndiyo tunayowaletea leo.

Maneno ni kama watu: hujulikana kwa kazi zao. Mtu mmoja huyo huyo nyumbani ni baba, shambani ni mkulima, na baharini ni nahodha. Vile vile neno la umbo laweza kuwa jina la kitu, laweza kuwa sifa ya kitu, laweza kuwa kitendo, na laweza kuwa neno la kueleza jinsi kitendo kilivyofanyika. Katika shule za siku hizi kazi hizi nne huitwa nomino, kivumishi, kitenzi na kielezi. Sisi tutatumia majina mepesi zaidi: jina, sifa, kitendo na kielezi. Na ili kuzitambua, twaweza kuliuliza neno maswali manne. Likijibu swali "Ni nini?" ni jina. Likijibu "Cha namna gani?" ni sifa. Likijibu "Kimefanya nini?" au "Kimekuwaje?" ni kitendo. Likijibu "Kimefanywa vipi?" ni kielezi.

Na tutwae mfano ulio mwepesi, neno -pana. Twasema "mto mpana," "kitanda kipana," "njia pana," "majani mapana." Hapa ni sifa, nayo huvaa nguo ya jina linalofuatwa. Tukisema "Upana wa mto huu ni hatua 40," neno limekuwa jina, na lenyewe ndilo linalofuatwa. Tukisema "Watu wameipanua njia," au "Mto hupanuka wakati wa masika," limekuwa kitendo, nalo limechukua wakati na mtendaji. Na tukisema "Mzee alilieleza jambo hilo kwa mapana na marefu," limekuwa kielezi. Latuambia alieleza vipi. Mzizi ni ule ule mmoja. Lakini mbele yake na nyuma yake huwekwa alama zinazotuambia leo umekuja kufanya kazi gani.

Lakini angalieni: alama peke yake haitoshi siku zote. Tazameni neno "mapana." Katika "majani mapana" ni sifa. Katika "mapana ya shamba" ni jina. Katika "kueleza kwa mapana" ni sehemu ya kielezi. Sura ni moja, kazi ni tatu. Basi hatuna budi kulitazama neno pamoja na jirani zake. Neno lililo peke yake halijasema kazi yake.

Tukiisha kuelewa hayo, twaweza kujibu neno ambalo tumelisikia mara nyingi. Wako watu wasemao kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya maumbo, kwa kuwa sifa zake za kweli, zile zinazovaa m-, ki-, ma- na kadhalika, ni chache. Ni kweli kwamba ni chache. Tunayo -pana, -refu, -fupi, -nene, -embamba, -nyoofu, na nyingine si nyingi sana. Lakini kusema kwamba lugha ni maskini kwa sababu hiyo ni kama kusema nyumba haina watu kwa sababu hakuna mtu barazani. Kiswahili hakifanyi kazi ya kueleza umbo kwa mlango mmoja. Kina milango mingi, na mlango unaotumiwa zaidi ni ule wa kulitwaa jina na kulitanguliza "-a": meza ya duara, sanduku la mraba, uso wa mviringo, kioo cha umbo la yai. Hapa duara, mraba na mviringo kwa asili ni majina, lakini zile "ya," "la" na "wa" zimeyapa kazi ya sifa.

Mlango huu una sheria yake, na aisahauye huharibikiwa. Neno lifanyalo kazi ya sifa kwa njia hii halibadiliki lenyewe; kinachobadilika ni ile "-a." Twasema "sanduku la mraba," na zikiwa nyingi "masanduku ya mraba." Hatusemi "masanduku ya miraba." Tukisema "miraba," tumelirudisha neno kuwa jina, na maana imehama: "kitambaa cha mraba" ni kitambaa ambacho chenyewe kina pande 4 zilizo sawa, lakini "kitambaa cha miraba" ni kitambaa kilichochorwa miraba mingi juu yake, hata kama chenyewe kimekatwa duara. Ukimtuma mtoto dukani, usilaumu akileta kile ulichomtajia.

Neno hili "mraba" lenyewe lina historia nzuri. Limetoka katika Kiarabu, katika mzizi mmoja na hesabu ya nne; na ndugu zake tunao kila siku, "robo" na "arobaini." Lilipoingia kwetu, ile "m" ya mbele ilifananishwa na "m" ya mti na mkono, nalo likapewa wingi wa "miraba" kama miti na mikono. Likawa mwenyeji kabisa, hata likatoka katika vitu likaingia katika watu: mtu mwenye mwili wa nguvu, kifua kipana na mabega yaliyojaa, twamwita "mtu wa miraba minne." Hakuna apimaye mabega yake kwa rula, umbo limekuwa sifa ya nguvu.

Lakini pahali ambapo neno hili lahitaji uangalifu mkubwa zaidi ni katika shamba. Wakulima wetu wengi hupima ekari moja kwa miguu: hatua 70 upande huu na hatua 70 upande ule. Hesabu hiyo ni ya karibu sana, kwa maana ekari moja ni yadi 4,840 za mraba, na 70 mara 70 ni 4,900. Sasa mtu anauza shamba la ukubwa huo, na karani asiye mwangalifu anaandika katika hati, "Shamba la hatua 70 za mraba." Je, ameandika nini? Katika maneno hayo "za mraba" ni sifa ya hatua. Maana yake ni vipande 70 tu, kila kimoja hatua moja kwa hatua moja. Shamba la namna hiyo ni kama hatua 7 kwa hatua 10. Lafaa kujenga kibanda na kupanda migomba michache. Alilotaka kuandika ni "Shamba lenye umbo la mraba, kila upande hatua 70." Hapa mraba ni umbo la shamba, wala si kipimo cha hatua. Shamba hilo lina hatua 4,900 za mraba. Kati ya sentensi hizi mbili pana tofauti ya mara 70, nayo yote imetokana na kutojua "mraba" umefungwa kwenye neno gani. Aliyeuza na aliyenunua wakiwa hai, watakumbuka walivyopatana. Watoto wao watakuwa na karatasi tu.

Na tukumbuke jambo jingine. Ekari ni wingi wa ardhi, si umbo lake. Shamba la hatua 35 kwa hatua 140 lina eneo lile lile la hatua 4,900 za mraba, lakini umbo lake ni mstatili mwembamba. Kwa hiyo hati njema hutaja mambo mawili: eneo, na umbo pamoja na urefu wa kila upande.

Sasa tupite kwenye mlango mwingine, mlango wa kitendo. Katika Kiswahili mara nyingi hatusemi kitu "ni" cha umbo fulani. Twasema kimekuwa hivyo. Mti umenyooka. Ukuta umeinama. Jicho limevimba. Ubao umepinda. Tukitaka kuyafanya maneno hayo yawe sifa, twayatia "-li-" na alama ya jina: mti ulionyooka, ukuta ulioinama, jicho lililovimba, ubao uliopinda. Na faida ya mlango huu ni kubwa, kwa sababu kitendo kina kitu ambacho sifa tupu haina: chaweza kutuambia umbo lilitoka wapi.

Fikirini mtu aliyemwazima jirani yake baiskeli. Inaporudi, gurudumu si sawa. Mwenye baiskeli akisema, "Gurudumu limepinda," ametaja umbo tu. Huenda ni shimo la njiani, huenda ni uzee wa chuma. Akisema, "Gurudumu limepindwa," ameongeza "w" moja ndogo, na kwa "w" hiyo amesema kwamba yuko mtu aliyelipinda. Neno la kwanza ni habari. La pili ni shtaka. Majirani wamekwisha kugombana kwa herufi moja kama hiyo. Yafaa mtu aijue kabla hajafungua kinywa, si baada yake.

Maneno haya ya vitendo yana watoto wengi. Katika nyooka twapata nyoosha, kama kunyoosha mkono au kunyoosha nguo kwa pasi. Twapata sifa -nyoofu, na jina unyoofu. Na hapo umbo laingia katika tabia: "mtu mnyoofu" si mtu mrefu asiye na kibiongo, bali ni mtu asemaye kweli. Katika pinda twapata pindo la nguo, na upinde, na upinde wa mvua, na yule abadilishaye maneno ya wenziwe twasema "ameyapindisha." Katika kunja twapata mkunjo wa nguo na uso uliokunjamana kwa hasira, na kinyume chake, kunjua, chatupa "moyo mkunjufu," moyo uliofunguka kama mkeka uliotandikwa kwa ajili ya mgeni. Wazee wetu waliona kwamba maumbo ya miti na ya nguo yanafanana na maumbo ya mioyo, wakatumia maneno yale yale.

Mlango wa tatu ni wa maneno yasiyovaa nguo yoyote. Haya hayabadiliki hata kidogo. Kazi yake hujulikana kwa pahali yanaposimama tu. Chukueni neno "wima." Mwalimu asemapo "Simameni wima," ni kielezi. Achorapo "mstari wima" ubaoni, ni sifa. Na mwashi anapouangalia "wima wa ukuta" kwa timazi, ni jina. Vile vile "kombo": ubao "una kombo," hapa ni jina, "fimbo ya kombo," hapa lafanya kazi ya sifa, "mambo yamekwenda kombo," hapa ni kielezi. Na seremala aambiwapo akate ubao "mshazari," yaani asiufuate upande bali apite toka pembe hii kuelekea pembe ile, neno hilo laeleza jinsi ya kukata.

Katika fungu hili liko neno moja ambalo lastahili kuangaliwa, nalo ni "bapa." Bapa la panga ni ule ubavu wake ulio mpana, usio na makali. Hapa ni jina. Tukisema "jiwe bapa," ni sifa. Na mtu asemapo "Alinipiga bapa," ni kielezi, maana chaeleza alivyopiga. Sasa fikirini shahidi aliyesimama mbele ya baraza la wazee, naye anasema tu, "Alimpiga kwa panga." Hajasema uongo, lakini hajasema kweli yote. Kupigwa bapa ni aibu na maumivu. Kupigwa kwa makali ni jeraha, labda ni mauti. Neno moja la umbo, likiwekwa pahali pake, humpa kila mtu haki yake, aliyepiga na aliyepigwa.

Tena uko mlango wa nne, ambao wengi wetu hupita kila siku bila kuuona. Huu u ndani ya jina lenyewe. Hatuhitaji kuongeza neno lolote la sifa. Twabadilisha mwanzo wa jina tu, na umbo labadilika. Twasema "mti." Tukisema "kijiti," kimekuwa kidogo na kifupi. Tukisema "jiti," limekuwa kubwa na nene. Tukisema "ujiti," umekuwa mrefu na mwembamba, na wingi wake ni "njiti," kama njiti za kiberiti. Ndivyo tusemavyo mlango, kilango na lango. Na mto, kijito na jito. Bibi E. O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1944, aliwaonyesha wanafunzi wa lugha yetu kwamba mianzo hii si alama tupu za kuhesabia. Huchukua mawazo ya udogo na ukubwa pia.

Na tukitazama sana twaona kwamba vitu vingi virefu na vyembamba vimekusanyika chini ya u-: uzi, utepe, ufito, unywele, ukucha, ulimi, upanga. Na vitu vingi vilivyojaa na kuviringana viko pamoja na vile vyenye wingi wa ma-: yai, jicho, jiwe, boga, chungwa, tikiti, tone. Hatusemi kwamba hii ni sheria isiyovunjwa. Uso si mrefu kama uzi, wala jani halikuviringana kama yai. Lakini ni dalili ya kutosha kwamba wale walioiunda lugha hii walikuwa na macho, na waliviona vitu walipokuwa wakivipa majina. Lugha ichukuayo umbo katika mwanzo wa jina, haiwezi kuitwa maskini wa maumbo.

Tumalizie na maneno ya shuleni. Baada ya Tanzania kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na Kiswahili kutumiwa kufundishia masomo ya shule za msingi, watoto walijifunza hesabu za maumbo kwa lugha yao. Maneno yaliyotumiwa hayakushuka kutoka mbinguni. Mengi yalikuwa majina ya vitu vilivyokuwamo nyumbani na uwanjani. Umbo lenye ncha chini na duara juu likaitwa "pia," kwa sababu kila mtoto ameichezea pia ya kuzungusha. Umbo lililoviringana pande zote likaitwa "tufe," nalo ni neno la zamani la mpira. Umbo refu lenye pande zilizo sawa toka mwanzo hata mwisho likaitwa "mche," kama mche wa sabuni. Na maneno mengine yakaunganishwa: mche ulio na duara ukaitwa "mcheduara," na duara iliyorefushwa kama yai ikaitwa "duaradufu."

Hapa tunawaonya wanafunzi juu ya neno "pembetatu." Likiandikwa pamoja ni jina la umbo moja. Likiandikwa mbali mbali, "pembe tatu," ni jina na hesabu yake. Twaweza kusema "Shamba hili lina pembe tatu," na twaweza kusema "Shamba hili ni la pembetatu". Zote mbili ni sawa, lakini hazikujengwa kwa namna moja. Na ukitaka kuhesabu maumbo yenyewe huna budi kuandika "pembetatu mbili," maana "pembe tatu mbili" haina mwenyewe. Hakuna ajuaye kama ni tatu au ni mbili.

Basi, wasikilizaji, tumeona milango minne. Umbo laweza kuingia kwa sifa inayovaa nguo ya jina, au kwa jina lililotanguliwa na "-a." Laweza kuingia kwa kitendo. Laweza kuingia kwa neno lisilobadilika, ambalo kazi yake ni pahali pake. Na laweza kuwa limekwisha kukaa ndani ya jina kabla hatujasema sifa yoyote. Anayeijua milango hii hataacha kukosa kabisa, maana kila mwandishi hukosa. Lakini atajua pahali pa kutazama kabla ya kutia sahihi. Kila aonapo neno la umbo katika barua yake, na aliulize maswali mawili: Je, wewe leo unafanya kazi gani? Na umefungwa kwenye neno gani?

Wanafunzi tunawaachia zoezi. Litwaeni neno -fupi, mliandikie sentensi nne: moja likiwa sifa, moja likiwa jina, moja likiwa kitendo, na moja likiwa kielezi. Msomeeni mtu wa nyumbani, baba au bibi, mwone kama atafahamu kila moja bila kuuliza. Asipofahamu, msimlaumu yeye.

Nasi tusiondoke bila kuwaambia mwisho wa kile kisima. Baada ya kurudi mjini tuliandika barua ya pili, fupi kama ya kwanza, lakini mara hii kila neno la umbo tulilifunga pahali pake. Tuliandika hivi: "Kisima chetu kimechimbwa duara, lakini mdomo wake una boriti 4 zilizopangwa kwa umbo la mraba. Kifuniko tukitakacho kiwe cha mraba. Kila upande wake uwe futi 4 na inchi 2. Mbao ziwe zimenyooka, wala pembe zisikatwe mshazari."

Kifuniko cha pili kilikuja kikaketi juu ya boriti barabara, kisibakize nafasi hata ya kupitisha kidole. Kile cha kwanza hatukukitupa. Tulikipigilia miguu mitatu, nacho kikawa meza ya mviringo chini ya mwembe, wazee wakawa wanachezea bao juu yake. Kila tulipopita pale, yule mzee wa maneno machache alikigonga kwa kidole akatutazama, nasi tukafahamu.